Mlio wa Nyapara wa Vali

Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa msonobari uliolazwa juu ya vipande viwili vya bomba la amonia, na kila anayelikalia atakuapia kwamba ni yeye aliyeyaiba yale mabomba. Liko mbele ya lango la pili la kiwanda cha mbolea. Kiwanda kimefungwa, huu mwaka wa kumi na moja, lakini lango linapakwa rangi kila masika na mlinzi asiyejua analinda nini. Ng'ambo ya barabara, mtambo unaopasha joto nyumba za mji kwa maji moto bado unapumua, dohani lake likitoa kamvuke kembamba kama mzee anayejifunza upya kuvuta sigara. Ubavuni kuna kibanda cha Zlatka, mwenye kahawa nyeusi ya vikombe vya plastiki, mbegu za alizeti, na ulimi usio na breki. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, baridi imeanza kuuma, na waheshimiwa watatu wa benchi walikuwa wameshakaa kila mtu mahali pake, kama meno yaliyobaki kinywani.

Mwisho kabisa wa ubao, upande wa kushoto, alikaa Stamen, fundi vyombo mstaafu ambaye mji mzima unamwita Sikio. Jina hilo hakulinunua sokoni. Kwa miaka thelathini aliweka sawa manyapara wa kiwanda kwa kusikiliza tu. Nyapara, kwa wale wasiobahatika kuzaliwa mji huu, ni kile kiboksi cha chuma kinachofungwa ubavuni mwa vali kubwa. Chumba cha mitambo kikiamuru vali ifunguke nusu, nyapara ndiye anayeisukuma kwa hewa na kuikodolea macho mpaka ifunguke nusu, si nusu na kidole. Tumboni mwake mna tundu dogo kama la sindano linalotoa hewa bila kukoma, na mbele ya tundu kuna kibati kinacholisogelea na kulikimbia. Tundu na kibati wakipatana, nyapara analia mlio mmoja mwembamba, na vali inatulia. Mafundi wengine walitumia geji. Stamen alifumba macho, akazungusha skrubu robo, akafuta mikono, akaenda kula.

Sasa shika siri ambayo benchi halikuwa nayo: Sikio alikuwa hasikii. Sauti nene alizipata, za malori, mbwa na mwenzake wa benchi aitwaye Mvuke. Zile nyembamba zilimhama moja moja kama wapangaji: kwanza mbayuwayu wa dirishani, halafu birika, halafu binti yake aliyeko Uhispania, ambaye kila Jumapili huambiwa kwamba mtandao ni mbaya. Ndiyo maana alikaa mwisho wa benchi. Kutoka pale alivipata vinywa vyote kwa mpigo, akavisoma kama gazeti.

Na siku hiyo, kwa bahati yake ya kuku wa sikukuu, alikuwa anakuja mtu kumtaka masikio.

Vali ya maji moto ya mtaa wa stesheni ilikuwa imepagawa. Inafunguka yote, inajifunga yote, haikai katikati. Watu wanaamka wanatoka jasho, ikifika mchana wanakunywa supu wamevaa makoti. Nyapara mpya wa kielektroniki ameagizwa, atafika baada ya mwaka mpya. Hivyo mhandisi wa mtambo, binti anayeitwa Bilyana, alituma neno: anakuja saa nne na nyapara wa zamani mkononi, na mzee atakayemweka sawa mbele yake atapewa kitambulisho cha lango, awe anaingia kumtazama baridi nzima. Kitambulisho chenye picha. Stamen alikuwa ameshanyoa ndevu kwa ajili ya hiyo picha.

— Mwaka wa kumi na moja hujanyoa katikati ya wiki, alisema Mvuke. Unaposa?

Mvuke ni Penyo, aliyekuwa mtu wa boila, mwenye sauti ya honi ya treni na tumbo la kuifadhili.

— Ndevu zilikuwa zinawasha, alijibu Stamen.

— Muongo. Anajipamba kwa ajili ya yule nyapara. Zlatka, mtazame, kapaka na mafuta!

— Mwache apake, alijibu Zlatka kutoka dirishani. Wewe ukipakwa mafuta tutakuvingirisha mpaka mtoni.

Wa tatu wao, Gancho, alikohoa. Huyo ni Katibu. Alikuwa akiandika kumbukumbu za vikao vya kikosi kazi kwa miaka ishirini na miwili, na mpaka leo anaongea kana kwamba kuna mtu anaandika.

— Tusitoke nje ya ajenda, alisema. Ajenda ni vali. Nami sababu ninayo. Ni wauza madirisha.

— Wauza madirisha wamefanya nini tena?

— Jiulize, nani anafaidi watu wakifungua madirisha Oktoba? Fungua funga, fungua funga, bawaba zinalegea. Zikilegea, unanunua jipya. Vali imehongwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa, mwenzako akinyolewa.

— Hizo ni methali mbili, Katibu, umezigonga vichwa.

— Ndiyo zina nguvu mara mbili.

Mvuke alitema ganda la alizeti kwa dharau.

— Madirisha, madirisha. Tatizo ni hewa, bwana. Hewa ya siku hizi haina kitu ndani. Zamani tulivuta hewa iliyoshiba. Ina amonia, ina salfa, ina jasho la watu elfu tatu. Ukimpulizia nyapara hewa ile, anasukuma kama fahali. Hii ya leo ni hewa ya mgonjwa. Nyapara anaisukumia vali, vali inamuuliza, umekula?

— Hewa yenu ile ilinitobolea shuka tano kwenye kamba, Zlatka alidakia. Na paka wangu alikuwa mweupe akageuka njano!

— Lakini nyanya zako, Zlatka? Sema kweli mbele ya Mungu. Nyanya zako zilikuwaje?

Zlatka alikikunja kitambaa chake mara mbili.

— Kama kichwa cha Katibu, alisema mwishowe, taratibu. Moja ilitosha saladi ya harusi.

Wote wakavua kofia kwa heshima ya nyanya.

Stamen alitazama saa. Saa tatu na nusu. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe, tusimfichie, ulikuwa wa kitapeli. Angewaamuru wote wanyamaze. Angefumba macho na kuinama kama zamani. Angezungusha skrubu robo, kwa kumbukumbu ya mkono tu, halafu angesema tayari. Nani angembishia Sikio? Hofu yake ilikuwa moja: hawa wawili. Mvuke na Katibu waliishi na mlio ule miaka thelathini. Akikosea unywele mmoja, wataruka kama wametiwa pilipili, mbele ya binti wa watu.

— Hewa siyo, Katibu alikuwa anaendelea. Labda huzuni. Yule nyapara alitoka kiwandani kwetu, si ndiyo? Walimhamishia ng'ambo kiwanda chetu kilipofungwa. Basi anajua. Anakaa pale dirishani, anaona lango lake limepakwa rangi, ndani majani yamemea. Anaamrishwa fungua nusu. Nusu ya nini? Nusu ya maisha? Anafungua yote, anajuta, anafunga yote.

— Kahawa ya pili inakuua, Katibu.

— Ng'ombe akivunjika mguu, mvumilivu hula mbivu.

— Huyo ng'ombe mpeleke Zlatka amchinje, alisema Mvuke. Kwanza mnasahau kwamba yule ni Namba Saba. Namba Saba alikuwa na tabia tangu zamani. Mnakumbuka ya menta?

Stamen alicheka kabla hajajizuia. Nani angesahau ya menta? Kila mwezi karakana ilipewa lita tano za spiriti safi ya kusafishia matundu ya manyapara. Kwa miaka thelathini hakuna nyapara aliyeionja. Matundu yalisafishwa kwa mate na unyoya wa bata, spiriti ikasafisha mafundi.

— Februari ile akaja mkaguzi kutoka mji mkuu, Sofia, Mvuke alisimulia, mikono hewani. Koti refu, miwani. Anataka aone spiriti. Chupa tupu! Nikakimbilia kabatini, nikakuta ile menta, pombe tamu ya mnanaa ya siku ya kuzaliwa ya Stamen. Nikaimimina.

— Ni ya kijani, alisema Katibu. Spiriti haina rangi, kama maji.

— Nikamwambia ni spiriti ya nchi rafiki! Akasema, safisheni nione. Tukasafisha. Namba Saba akala menta kwa mara ya kwanza maishani. Sukari ikakaukia tunduni, vali ya mvuke wa jikoni ikagoma wazi, supu ya maharage ya watu mia nane ikachemka mpaka ikaondoka sufuriani kwa miguu yake. Jengo zima linanukia mnanaa. Yule wa Sofia akavuta hewa, akaandika kwenye ripoti: mazingira ya kazi ni ya kuburudisha.

— Niliinakili hiyo sentensi, alisema Katibu. Ninayo nyumbani.

— Na nani alitambua? Huyu hapa! Kuta tatu katikati, yuko chooni. Akatoka anafunga mkanda, anasema, Namba Saba kanyamaza. Kuta tatu, Zlatka! Masikio ya namna hiyo hayatengenezwi tena.

Mvuke alimpiga Stamen bega. Stamen akatabasamu. Sifa ile ilimkaa shingoni kama nishani. Aliitamani kuliko kahawa, naye alijua kwamba saa moja haitapita kabla haijavuliwa.

— Hebu tukubaliane kabla binti hajafika, alisema Katibu. Tusije tukatia aibu. Mlio wenyewe ulikuwaje? Mimi nasema ulikuwa kama ukumbi wa mkutano mkurugenzi anapoingia. Watu wananyamazishana.

— Hapana bwana. Kama soseji ya jirani kwenye kikaango. Huioni, unaisikia, unaumia.

— Soseji ina vishindo! Nyapara hana vishindo!

— Inategemea mafuta.

— Sikio, tuamulie wewe.

Stamen alikizungusha kikombe. Angeweza kuwatania tu, wakacheka, mambo yakapita. Lakini kilichomjia ni ile siku ya mwisho, naye akajikuta anaisema.

— Siku walipozima kompresa, zile mashine za kuwasukumia hewa, mimi nilikuwa nimesimama jengo la pili, katikati. Ninyi mlikuwa mmeshatoka. Mnajua manyapara walikuwa wangapi mle? Mia nne na kumi. Nilidhani watanyamaza wote mara moja, kama taa. Wapi. Hewa iliyobaki mabombani iliendelea kuwatosha. Wakaanza kunyamaza wa mbali kabisa, kule mnarani. Halafu wa safu ya pili. Unamjua kila mmoja, unajua aliyekuwa na kikohozi, unajua nani ulimbadilishia kibati siku mkeo anajifungua. Anapunguza, anapunguza, kwisha. Akabaki mmoja nyuma ya bega langu. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atakoma. Mlio wenyewe ulikuwa kama... kama mtu anayechana hariri chumba cha pili, na hariri haiishi.

Mvuke alijikuna kidevu. Zlatka alitoka kibandani, akawaongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo halijaandikwa katika historia ya kibanda kile.

Ndipo gari la mtambo likavuka barabara.

Bilyana aliruka chini amevaa koti la kazi lililomzidi ukubwa mara mbili. Miaka yake haikuzidi ishirini na saba.

— Shikamooni wazee wangu! Samahani nimechelewa, stesheni wamenifungia njia. Bibi mmoja amenirushia slipa.

— Ya kushoto au ya kulia? aliuliza Mvuke.

— Zote.

— Basi huyo ni Mitra wa ghorofa ya tatu. Umshukuru, mwenzako alirushiwa chungu.

Bilyana alimweka Namba Saba juu ya benchi, kati ya Stamen na Katibu, akafungua kifuniko chake. Rangi ya kijivu imebanduka, namba ingalipo. Alitoa mpira wa hewa kutoka kwenye mtungi uliokuwa garini, akauchomeka, akampa Stamen bisibisi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa mkate.

— Wameniambia wewe ndiye Sikio.

Stamen alitikisa kichwa kushoto na kulia, kama wanavyokubali watu wa nchi hiyo, kwamba ndiye.

— Mimi nimesoma wa kielektroniki tu, alisema Bilyana. Unabonyeza, anajipima mwenyewe, unaenda kunywa chai. Huyu sina hata kitabu chake. Nafungua hewa.

Akafungua.

Wazee watatu wakainama. Mngewaona! Mvuke kafumba jicho moja. Katibu kashika kidevu kama anayepima hoja. Stamen kagusisha ncha ya bisibisi kwenye skrubu, akaitega roho yake yote ndani ya kile kiboksi. Hakupata kitu. Masikioni palikuwa na sufu tupu, na mapigo ya damu yake mwenyewe.

Bilyana aliwatazama mmoja mmoja.

— Huu ndio mlio wenyewe, aliuliza, au bado?

Basi. Swali lenyewe ndilo hilo, mtoto wa chekechea angelijibu.

Stamen alisubiri Mvuke apaze sauti. Mvuke ana jibu kwa kila kitu, alikuwa na jibu la msiba wa mama mkwe kabla mama mkwe hajafa. Mvuke kimya. Alisubiri Katibu akohoe. Katibu hakukohoa. Stamen akainua macho kuwasoma midomo, na hapo akaona kitu kilichomfanya aishushe bisibisi. Mvuke hakuwa anamtazama machoni. Alikuwa anamtazama mdomo. Akahamishia macho kwa wa pili. Katibu naye, macho yamenata mdomoni mwake, yanangoja. Miaka yote hiyo, kwenye benchi moja, watu watatu wanasomana midomo, kila mmoja akijiona mwizi peke yake.

Kitambulisho kilikuwa pale pale, umbali wa robo ya skrubu. Angesema bado, angezungusha, angesema ndio huo. Hakukuwa na wa kumbishia. Wabishi wenyewe walikuwa viziwi! Alifikiria picha. Alifikiria lango. Akamfikiria na Mitra wa ghorofa ya tatu, amelala na koti, hana hata slipa.

— Binti, alisema, mimi sisikii kitu.

— Hujasikia swali?

— Swali nimelisoma. Nyapara ndiye simsikii. Mwaka wa tano sasa.

Mvuke alivuta pumzi ndefu iliyolifanya benchi lilie.

— Mimi tangu ile kompresa ya tatu ya kiwandani iliyotupigia kelele, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema polepole. Mke wangu anadhani nampuuza.

— Naunga mkono hoja, alisema Katibu. Asiyesikia la mkuu... hapana. Hiyo niiache.

Bilyana alibaki ameshika mpira wa hewa, haya zimempanda kana kwamba ni yeye aliyekosa. Alizima hewa, akafikiri, akaiwasha tena.

— Mimi namsikia, alisema, akiwageukia ili wamwone kinywa. Namsikia vizuri. Ila sijui nasikiliza nini. Nikizungusha nijue nimefika vipi? Ulikuwaje?

Mvuke alifungua mdomo kuileta soseji yake. Bilyana akamkatiza kwa kiganja.

— Msinielezee. Nionyesheni.

Walitazamana. Watu wa miaka sitini na kitu, mchana kweupe, mbele ya barabara. Halafu Stamen akabana meno, akaweka ulimi pale ulimi wake ulipopajua, akaanza kuitoa pumzi: mlio mmoja mwembamba, ulionyooka. Hakuusikia. Aliuhisi tu, baridi nyuma ya meno. Katibu naye akaanza wa kwake. Mvuke akaongeza wake, na ulikuwa na mate. Zlatka akatoka na ufagio akidhani mabata wa padri wa jirani wametoroka tena.

Bilyana aliinama. Sikio moja kwenye kiboksi, jingine kwa wazee. Akamgusa Mvuke begani: wewe nyamaza. Akasikiliza. Akamgusa Katibu: na wewe. Akabaki na Stamen. Alichukua bisibisi, akafumba macho, akaanza kuzungusha unywele kwa unywele, akitoka kwenye mlio wa chuma kuufuata mlio wa mtu. Kila pumzi ilipomwishia Stamen, alivuta nyingine na kuanza tena pale pale, uso umemwiva, jasho likimtiririka kwenye shavu lililonyolewa. Watu waliokuja kununua kahawa walisimama na vikombe mikononi bila kuuliza.

Mkono wa Bilyana ukapanda juu, ukasimama.

Sindano ya kipimo ya kile kiboksi, iliyokuwa ikicheza tangu hewa ifunguliwe, ilitulia nusu. Si nusu na kidole.

Alizima hewa, akakunja mpira, akampakia Namba Saba garini kama anayempakia mgonjwa aliyepona. Halafu akarudi hadi benchini, akachuchumaa mbele ya Stamen, akahakikisha amemtazama usoni.

— Jumatatu saa moja asubuhi, langoni, alisema. Ndani wamebaki wengine sita kama huyu. Njoo na picha ya kitambulisho. Na tafadhali, mzee wangu, usije na mafua.